Kuhamia kwenye RV mwaka mzima kwa mikataba ya unesi: wapi panalipa, wapi panaumiza?

Mwanaisha_DFW

Wakuu salaam. Naomba ushauri wa wanaojua maisha ya RV, yaani nyumba ya magurudumu, siyo ya likizo, ya mwaka mzima.

Mimi ni nesi wa mikataba ya wiki 13, mume wangu anafanya kazi kwa kompyuta, mtoto ana miaka sita. Mkataba wa apatimenti yetu hapa Dallas unaisha mwezi wa tatu na hatutaki kuurudia. Tuna Ford F-150. Tumeona tela la futi 30 lenye vyumba viwili, tangazo linasema uzito mtupu ni pauni 7,000 na uzito wa juu unaoruhusiwa ni 8,800. Muuzaji anasema gari letu linavuta pauni 11,000, kwa hiyo tusihofu.

Ninachotaka kujua: gari litamudu kweli? Posho ya nyumba ninayolipwa na wakala itakuwaje nikiacha apatimenti? Anwani tutatumia ipi, maana mume wangu bado ana Green Card na anataka kuomba uraia mwaka huu? Na kuna mkataba mzuri Minnesota kuanzia Januari ijayo, tela litahimili ule ubaridi? Msinionee haya, semeni ukweli.

LoriNaTela

Dada Mwanaisha, muuzaji hakudanganya, ila amejibu swali jingine. Pauni 11,000 ni nguvu ya kuvuta. Kwenye pikapu za daraja la nusu tani, kama yenu, kinachoisha kwanza ni uzito inaoweza kubeba mgongoni. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo ya mlango kuna stika ya njano na nyeupe inayotaja jumla ya uzito wa watu na mizigo. F-150 nyingi ziko kati ya pauni 1,400 na 1,900. Yako isome hapo hapo, siyo kwenye kipeperushi.

Sasa piga hesabu. Tela la watu wanaoishi ndani yake halikai kwenye uzito mtupu hata siku moja. Ule uzito wa tangazo hauhesabu maji, na galoni 40 za maji peke yake ni zaidi ya pauni 330. Ongeza nguo, vyombo, midoli, mchele. Chukulia 8,500. Tela la ndoano linatakiwa liegemeze asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye ndoano. Ukiweka 13 ni pauni 1,105. Ndoano yenyewe ya kusambaza uzito, ile yenye vyuma viwili vya pembeni, weka 100. Nyie watatu weka 400. Jumla 1,605, na hujapakia hata kisanduku cha zana.

Wapo wanaokwepa hesabu hii kwa kusogeza mizigo nyuma ya tela ili ndoano iwe nyepesi. Hapo ndipo ajali zinapoanzia. Ikishuka chini ya asilimia 10 tela linaanza kutikisa mkia, na kila lori linalokupita linauchochea ule mtikiso. Likianza, usikanyage breki ya gari kwa nguvu wala usivute usukani. Toa mguu kwenye mafuta, halafu bonyeza kwa mkono kidhibiti cha breki za tela peke yake mpaka linyooke.

Kabla ya safari ndefu ya kwanza, pakia kila kitu, jaza mafuta, kaeni wote garini, nendeni kwenye mizani ya CAT iliyopo kwenye vituo vya malori. Utapewa namba tatu: mbele ya gari, nyuma ya gari, na tela. Ukirudia bila tela utajua ndoano inabeba kiasi gani hasa. Ni dola chache, na hizo ndizo namba za kuamini.

Mtu atakuja kukwambia uchukue tela la fifth wheel, lile ambalo ndoano yake inakaa ndani ya bodi ya nyuma ya pikapu, kwa sababu linatulia zaidi barabarani. Ni kweli linatulia, lakini lenyewe linaegemeza asilimia 20 hadi 25. La pauni 12,000 linaweka 2,400 mpaka 3,000 mgongoni mwa gari. Hiyo ni kazi ya pikapu kubwa za daraja la tani moja, siyo F-150.

Matairi: tafuta tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT. 3221 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2021. Likifika miaka mitano au sita badilisha hata kama meno bado yapo, kwa sababu tairi la tela hufa kwa umri na jua kabla ya kulika. Upepo pima asubuhi likiwa la baridi. Na kila ukifungua gurudumu, nati zikazwe upya kwa spana ya kupimia baada ya maili 10, 25 na 50.

KodiNaKaratasi

Hili la posho ndilo litakalokugharimu kuliko tairi lolote, na mawakala wengi hawalisemi.

Posho ya nyumba na chakula hailipiwi kodi kwa sababu moja tu: IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inachukulia una nyumba ya kudumu mahali fulani, na kazi inakulazimisha kulipia makazi ya pili kwa muda. Wanaangalia mambo matatu: kama unafanya sehemu ya kazi zako pale nyumbani na kulala hapo ukiwa kazini, kama unalipa gharama za nyumba mara mbili, na kama hujaitelekeza ile sehemu. Ukitimiza yote matatu, uko salama. Mawili, inategemea mazingira. Moja tu, unahesabiwa kuwa huna makao maalumu, nyumba yako ya kikodi inakuwa popote ulipo kazini, na posho yote inageuka mshahara wa kawaida unaotozwa kodi.

RV unayoivuta haikusaidii hapa, kwa sababu unaenda na nyumba yako, hulipii mbili. Na sanduku la barua South Dakota siyo nyumba. Kwa hiyo ukiacha apatimenti ya Dallas, fanya bajeti kana kwamba posho yote inakatwa kodi. Ikibaki na faida, sawa. Isipobaki, afadhali kulipa kodi ya chumba halisi kwa ndugu hapo Texas kwa bei ya soko, kwa hundi, na kurudi kufanya kazi eneo hilo mara kwa mara. Na hata mwenye nyumba ya kweli anapoteza haki hiyo akikaa sehemu moja ya kazi zaidi ya mwaka. Mwone mhasibu anayejua wauguzi wa kusafiri kabla ya mwezi wa tatu, siyo wakati wa kujaza fomu.

Anwani. Wanaoishi kwenye RV wengi husajili makazi Texas, Florida au South Dakota, kwa kuwa majimbo hayo hayatozi kodi ya mapato na yana kampuni za kupokea na kusambaza barua. Nyie tayari mko Texas, msihame. Leseni yako ya unesi ya majimbo mengi, ile inayokubalika kwenye muungano wa majimbo yanayotambuana leseni, inafuata jimbo unaloishi kisheria; ukihamia jimbo jingine la muungano huo unatakiwa kuomba leseni mpya huko ndani ya siku 60. Halafu jua kwamba Minnesota na California hazimo kwenye muungano, kwa hiyo mkataba wako wa Januari unahitaji leseni ya Minnesota yenyewe. Anza mapema.

Shemeji wa Green Card ndiye wa kuangaliwa zaidi. Asiye raia anatakiwa kuwaarifu USCIS, idara ya uhamiaji, kila anapobadilisha makazi, ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11 mtandaoni. Kuomba uraia kunahitaji awe ameishi kwenye jimbo au wilaya ya USCIS anakoombea kwa miezi mitatu. Familia inayohama kila wiki 13 inajitengenezea maswali magumu siku ya usaili. Na barua ya kuitwa kupigwa alama za vidole ikizunguka kwenye masanduku wiki tatu, tarehe inapita, ombi linahesabiwa limetelekezwa, na ada imekwenda. Ushauri wangu: aombe na amalize uraia mkiwa bado na anwani ya Dallas. Tela halikimbii.

Bima nayo: mwambie wakala wa bima wazi kwamba mnaishi humo mwaka mzima. Bima ya kawaida ya RV ni ya likizo, haifidii vitu vya ndani ipasavyo wala jirani akiteleza kwenye ngazi yenu. Watengenezaji wengi pia wanaandika kwenye waranti kwamba makazi ya kudumu yanaifuta, na baadhi ya benki hazikopeshi kabisa kwa makazi ya kudumu. Soma kabla ya kusaini.

FundiBaridi

Minnesota Januari. Nitakupa namba, uamue mwenyewe.

Hita ya gesi ya tela la futi 30 huwa karibu BTU 30,000 (kipimo cha joto) kwa saa. Galoni moja ya propani ina BTU kama 91,500, yaani saa tatu za moto. Mitungi miwili ya pauni 30 ina galoni 14, saa 42 za moto. Kwenye baridi la nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri hita inawaka nusu ya siku au zaidi, kwa hiyo mitungi yote miwili inaisha kwa siku tatu na nusu. Kwa dola 3.50 kwa galoni ni zaidi ya dola 400 kwa mwezi, na mtu wa kuipeleka kujazwa mara mbili kwa wiki, ukiwa zamu ya usiku. Kambi nyingi za huko zinakuruhusu kukodi tangi la galoni 100 kutoka kwa kampuni ya gesi. Uliza hilo kabla ya kuweka nafasi. Propani haigandi kwa ubaridi huo, ila mtungi mdogo ukiwa baridi sana presha inashuka na hita inazima alfajiri.

Watu hujaribu kuokoa gesi kwa hita za umeme. Hita ya wati 1,500 inatoa BTU 5,100 tu, na inakula ampea 12.5. Tela la ampea 30 lina wati 3,600 kwa kila kitu: hita moja, kichemsha maji cha umeme cha wati 1,400, ukiwasha maikrowevu breka inaruka. Lakini kosa kubwa ni jingine. Hita ya gesi ndiyo inayopeleka hewa ya moto chini ya sakafu, kwenye matangi na mabomba. Hita ya umeme ikishafanya sebule iwe ya moto, kidhibiti joto kinaona mambo yako sawa, hita ya gesi haiwaki, na huko chini mabomba yanaganda wakati nyie ndani mmevaa fulana. Hita ya umeme itumike kusaidia tu, na ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi, isiunganishwe kwa waya wa nyongeza. Soketi za tela ni nyepesi, zinayeyuka.

Zungushia sketi kuanzia ukingo wa tela mpaka ardhini, iwe turubai zito au bodi za foma za inchi mbili. Bila sketi upepo unapita chini na hakuna hita itakayoshinda. Mpira wa maji uwe wa kupashwa umeme, na bomba la kambi nalo lifungwe mkanda wa joto, maana mpira wa moto uliofungwa kwenye bomba la barafu haukusaidii. Mpira wa maji taka usiuache umelegea wenye maji ndani. Utakuta gogo la barafu. Betri za lithiamu zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi, zinaharibika moja kwa moja. Zisogeze ndani au nunua zenye kipasha joto chao.

Kwa maoni yangu, mwaka wa kwanza chukua mikataba ya Texas, Arizona au Florida wakati wa baridi. Minnesota nenda kiangazi.

Mwanaisha_DFW

Asanteni sana, kichwa kinauma lakini kwa faida. Suala la uraia limeshaamuliwa, tunasubiri. Sasa niulize ya jikoni na chooni, maana hayo hakuna muuzaji anayeyagusa. Sisi tunapika maharage, ugali, wali wa nazi, siyo mkate na jibini. Na matangi ya maji taka yanafanyaje kazi kwa familia ya watatu?

BiMaji

Bi Mwanaisha, tuanze na chooni.

Una matangi mawili chini, la choo na la maji ya kuoga na vyombo, mara nyingi galoni 30 mpaka 40 kila moja. Kwenye kambi utaona majirani wameacha vali zote wazi kwa sababu mpira uko kwenye shimo muda wote. Ya choo usiiache wazi kamwe. Maji yanakimbia, kigumu kinabaki chini ya bakuli, kinarundikana, kinakauka kama tofali, na fundi anakuja na mashine ya presha kwa bei ya kukutoa machozi. Funga vali ya choo mpaka tangi lifike angalau theluthi mbili. Kila baada ya kumwaga, rudisha galoni mbili tatu za maji safi kabla mtu hajatumia. Maji mengi ndiyo dawa. Hizo chupa za rangi ya bluu ni nyongeza. Mtoto afundishwe kushikilia kanyagio mpaka bakuli liwe safi. Karatasi ijaribiwe: weka vipande viwili kwenye chupa ya maji, tikisa mara chache, visiposambaratika usinunue.

Kumwaga: glavu, mwaga la choo kwanza, subiri liishe kabisa, funga, halafu fungua la maji ya vyombo yasafishe mpira. Kwa hiyo siku moja kabla ya kumwaga, funga vali ya maji ya vyombo ili ujikusanyie ya kusuuzia. Mpira uteremke bila bonde katikati. Mafuta ya kukaangia na masazo ya ugali yafutwe kwa karatasi kabla ya kuosha sufuria, vinginevyo vitambua ujazo vinagandwa na uchafu na taa zitakuambia tangi limejaa hata likiwa tupu.

Maji ya kuingia: presha ya baadhi ya kambi inapita psi 80 na mabomba ya tela ni ya plastiki. Weka regulata ya shaba kwenye bomba la kambi, siyo kwenye tela, ili mpira nao ulindwe. Iweke kati ya 45 na 55.

Sasa mapishi. Kilo moja ya propani ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, na huo haujahesabu mvuke wa sufuria. Chemsha maharage saa mbili kwenye jiko la tela na madirisha yanatiririka, kuta za kabati zinalowa, na baada ya wiki kadhaa utainua godoro ukute ukungu mweusi kwenye ubao. Maharage yapikwe kwenye jungu la presha la umeme, nje chini ya turubai hali ya hewa ikiruhusu. Ukipika ndani, fungua tundu la hewa la darini, washa feni, na fungua dirisha moja kidogo upande wa pili ili hewa iwe na pa kuingilia, hata kama ni baridi. Kipima unyevu ni dola kumi. Kisipande juu ya asilimia 50. Chini ya godoro weka wavu wa kupitisha hewa. Mashine ya kukausha hewa ya kompresa, siyo vile vidude vidogo, ndiyo kifaa cha kwanza kununua baada ya regulata.

Ugali unasongwa bila shida, ila wavu wa jiko la tela ni mwepesi na unacheza, sufuria inataka kuruka. Ondoa kile kifuniko cha kioo cha jiko kabisa, kikifungwa juu ya moto kinapasuka vipande elfu. Jiko lisitumike kupasha nyumba, na kitambuzi cha kaboni monoksidi kijaribiwe kila wiki. Kile cha gesi kiko karibu na sakafu kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa. Kina tarehe ya mwisho mgongoni, itazame.

Friji likiwa la gesi, tela lazima lisimame sawa. Tumia pima maji kwenye sakafu ya friji lenyewe. Likiinama muda mrefu amonia haizunguki, mfumo unaziba, na kuubadilisha ni karibu bei ya friji.

KodiNaKaratasi

Niongeze la faida, tusimkatishe tamaa dada. Nyumba ya wiki 13 yenye samani karibu na hospitali kubwa inaweza kuwa dola 2,000 hadi 3,000 kwa mwezi, na ukisaini unafungwa. Hospitali ikikata mkataba wiki ya nne, jambo linalotokea, mwenye nyumba bado anataka pesa yake. Mwenye tela anafunga mipira, anachomoa umeme, anaondoka. Sehemu ya mwezi kwenye kambi ya kawaida ni kati ya dola 500 na 1,000, umeme kwa mita. Tenga angalau dola 150 kila mwezi za matengenezo, usiziguse kwa michango ya harusi. Na mtoto analala kitanda kilekile kila jimbo, hilo halina bei. Shule ya nyumbani kwa mkazi wa Texas haina masharti mengi, sababu nyingine ya kubaki huko kisheria.

Kitu kimoja tu: kambi nyingi za mwezi hukataa RV iliyozidi miaka kumi. Kwa hiyo rahisi sana nalo ni ghali.

FundiBaridi

Kabla ya kulipa hilo tela, nenda siku inayofuata mvua. Panda ngazi, tazama paa: gundi inayozunguka kila tundu ikiwa imepasuka, maji yameshaingia. Isiwe imezibwa kwa silikoni, haishiki vizuri kwenye mpira wa paa na gundi sahihi haishiki juu yake. Ndani, bonyeza kwa kidole gumba pembe zote za dari, chini ya kila dirisha, na sakafu kuzunguka choo na mlango. Ubao ukibonyea, ondoka, usijadili bei. Nje, tazama ukuta kwa pembeni jua likiwa chini; ukiona mawimbi au malengelenge, ubao wa ndani umeoza.

Nunua kifaa cha kulinda umeme kinachokata volti zikishuka chini ya 104, siyo kile cha radi tu. Kiangazi kambi ikijaa kila mtu anawasha kiyoyozi, volti zinashuka, kompresa inaungua polepole bila hata breka kuruka. Na mkiegesha kwa ndugu Dallas na fundi akawawekea soketi ya ampea 30, mwambieni mara mbili kwamba ni volti 120. Mafundi wengi wa nyumba wakisikia ampea 30 wanawaza mashine ya kukaushia nguo, wanaweka 240, na dakika ya kwanza mnapochomeka kila kitu ndani kinakwenda.

Mwanaisha_DFW

Stika ya mlango wetu inasema 1,562. Tunatafuta tela la pauni 6,500 kwa uzito wa juu, futi 24 hivi. Chumba cha mtoto kitakuwa vitanda vya ghorofa.

LoriNaTela

Asilimia 13 ya 6,500 ni 845. Na ndoano 100, watu 400, ni 1,345. Inabaki 217 ya zana na mafriji ya safari. Hapo sawa.